HODI KABLA YA KUINGIA: SIRI, FARAGHA NA FUMBO KATIKA MJADALA WA UCHUNGUZI WA MAWASILIANO

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala unaohusu faragha ya mtu binafsi, ujumbe uliofichwa na mamlaka ya serikali ya kufuatilia mawasiliano ya raia. Hoja kuu ni kwamba mjadala huu hupotoka pale maneno matatu ya Kiswahili, yaani siri, faragha na fumbo, yanapochukuliwa kuwa kitu kimoja. Kwa kutumia ushahidi wa msamiati, mila za makazi ya Waswahili, fasihi na baadhi ya kesi zilizoamuliwa nchini Kenya, makala yanadai kwamba desturi ya kupiga hodi inatupa kipimo ambacho kwacho sheria za uchunguzi zinaweza kupimwa.

1.0 Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa al-Shabaab waliuvamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya anayeweza kuujadili uchunguzi wa mawasiliano kana kwamba siku hiyo haikuwahi kupambazuka. Watu wanaopanga mauaji ya aina ile huwasiliana, na mawasiliano yao yakijulikana mapema huenda roho za watu zikaokolewa. Hii ndiyo hoja ya wanaoitetea serikali, nayo ni hoja nzito.

Miaka tisa baadaye, Juni 2024, vijana wa Kenya, wengi wao wanafunzi vilevile, waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Katika siku na miezi iliyofuata, baadhi yao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na swali likaulizwa hadharani: waliowachukua walijuaje walikokuwa? Wapo walioshuku kwamba simu za vijana hao ndizo zilizowaelekeza watekaji. Iwe shuku hiyo ina ukweli au haina, hofu yenyewe ilitosha kubadilisha namna vijana walivyozungumza, walivyoandikiana na walivyoaminiana.

Baina ya Garissa na Juni 2024 ndipo mjadala wetu ulipo. Wa upande mmoja wanasema: asiye na hatia hana la kuogopa. Wa upande wa pili wanajibu: mambo yangu hayakuhusu. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinahitaji msamiati bora zaidi, na kwamba Kiswahili tayari kinao msamiati huo. Tutaanza kwa kufafanua dhana, kisha tutaangalia jadi ya fumbo, halafu teknolojia, na mwisho sheria.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

2.1 Siri, faragha na sitara

Siri ni jambo ambalo mwenyewe hataki lijulikane. Uzito wa siri umo katika yale yaliyomo: deni, ugonjwa, njama, mapenzi, mtihani uliotungwa lakini haujafanywa. Siri ikijulikana, huwa imekwisha kuwa siri.

Faragha ni jambo jingine. Faragha ni hali ya mtu kuwa peke yake, au pamoja na aliowachagua, mahali ambapo wengine hawaingii bila ridhaa yake. Uzito wa faragha haumo katika yale yanayotendeka humo, bali katika mpaka wenyewe. Mfano mwepesi utatusaidia. Mtu anapokwenda kuoga hufunga mlango. Kila aliye nyumbani anajua anachokifanya. Hapana siri hata chembe. Hata hivyo, atakayeusukuma mlango ule kwa kisingizio kwamba anayeoga hana cha kuficha, ataonekana na wote kuwa amekosa adabu. Basi kauli kwamba asiye na hatia hana la kuogopa inaijibu hoja ya siri tu. Hoja ya faragha inabaki pale pale ilipokuwa.

Neno la tatu ni sitara, ambalo wengine hulitamka stara. Sitara ni kifuniko kinachomhifadhi mtu asiaibike, na kitenzi chake ni kusitiri. Muhimu hapa ni kwamba mtu aweza kujisitiri mwenyewe na pia aweza kusitiriwa na wengine. Jirani aliyeona aibu ya jirani yake akanyamaza, amemsitiri. Kwa hivyo sitara inaleta wajibu wa mtu wa pili: yule aliyebahatika kujua naye ana dhima juu ya alichokijua. Tutairudia dhana hii tutakapozungumzia data.

2.2 Udukizi

Kitenzi kudukiza maana yake ni kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu wengine, na mwenye tabia hiyo ni mdukizi. Katika miaka ya karibuni, neno udukuzi limeenea katika vyombo vya habari kwa maana ya kuingia katika kompyuta au simu ya mtu bila idhini. Tunaona kwamba wazungumzaji wa Kiswahili, walipohitaji jina la kosa jipya la kiteknolojia, walichukua neno lenye ukoo na kosa la kale la anayetega sikio ukutani. Chombo kimebadilika, kosa walilitambua mara moja.

2.3 Je, methali hazilaumu kuficha?

Msomaji makini aweza kupinga kwamba jadi yetu yenyewe huwalaumu wafichaji. Tunaambiwa kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Pingamizi hili ni la haki na linastahili kujibiwa. Tukizitazama methali hizi kwa makini, tunaona kwamba kila moja inamwazia mtu maalumu wa kufunuliwa. Uchi hufunuliwa mkunga. Maradhi hufunuliwa mganga. Hakuna methali inayomtaka mzazi ajifungulie sokoni, wala mgonjwa aeleze maradhi yake barazani. Anayefunua ndiye anayemchagua wa kumfunulia, na anayefunuliwa hufungwa na sitara. Kwa hivyo methali hizi haziipingi faragha. Zinaeleza namna nzuri ya kuifungua.

3.0 Fumbo: Ujumbe Uliofichwa katika Jadi ya Kiswahili

Ujumbe uliofichwa haukuanza na simu za mkononi. Katika karne ya 19, Edward Steere alipokuwa akikichunguza Kiswahili cha Unguja, alieleza mchezo wa lugha uitwao kinyume, ambapo silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzo. Kwa kanuni hiyo maji huwa jima, kesho huwa shoke, na nyumba huwa mbanyu. Watoto na vijana waliitumia lugha hii ili wakubwa wasiwaelewe. Sheng, iliyokulia katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, imekuwa ikifanya kazi kama hiyo kwa njia nyingine: neno likishajulikana na wazazi au askari, vijana hulitupa na kubuni jipya.

Kanga nayo ni ujumbe unaotembea. Mwanamke ajifunga kanga yenye maandishi ya hasidi hana sababu, apita mbele ya nyumba ya jirani, na maneno yamefika. Wote wanayasoma, lakini aliyekusudiwa ni mmoja. Akiulizwa, atajibu kwamba aliipenda rangi. Hapa tunapata sifa ya msingi ya fumbo: liko wazi mbele ya macho na limefungwa katika maana.

Washairi walilitumia fumbo katika siasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hadi yapata mwaka 1840, alitunga wakati wa ushindani mkali baina ya Mazrui wa Mombasa na Sayyid Said wa Omani, ushindani uliokwisha kwa kuanguka kwa Mazrui mwaka 1837. Mengi ya mashairi yake yanaweza kusomwa juu juu kama maneno ya mapenzi, bahari au jirani, na wakati huohuo yakasomwa kama hoja ya kisiasa. Tunaweza kuyafahamu leo kwa kiasi kikubwa kutokana na maelezo ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmishenari W. E. Taylor kuyahifadhi. Pasipo mjuzi wa mazingira, fumbo hubaki limefungwa.

Karibu na wakati wetu tunaye Abdilatif Abdalla. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi?, kilichoikosoa serikali ya wakati huo waziwazi. Akiwa gerezani, pasipo ruhusa ya kuandika, alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Miongoni mwa mashairi hayo limo Mamba, ambalo mnyama wake wa mtoni husomwa na wahakiki kama mtawala. Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kijitabu kilichosema wazi kilimpeleka mwandishi gerezani, ilhali fumbo lilimtoa na kumfikisha kwa wasomaji. Pili, dola iliyoona hatari katika maneno yale ilikuja kuyatuza. Kilichofichwa leo kwa kuwa ni hatia kinaweza kesho kuwa kitabu cha kiada.

Hatudai kwamba fumbo ni jema daima. Limetumika kutukana, kusengenya na kuchochea, na mhalifu naye hujua kufumba. Tunachodai ni kwamba kuwapo kwa fumbo si ushahidi wa uovu.

4.0 Kutoka Fumbo hadi Usimbaji Fiche

Usimbaji fiche ni mbinu ya kuugeuza ujumbe ili asiye na ufunguo asiweze kuusoma. Mbinu mojawapo ya kale, iliyohusishwa na Julius Kaisari wa Roma, ni kuisogeza kila herufi nafasi tatu mbele katika alfabeti. Kwa hesabu hiyo neno siri huandikwa vlul. Udhaifu wa mbinu hii ulielezwa Baghdad katika karne ya 9 na mwanachuoni al-Kindi: kila lugha ina herufi zinazojirudia kuliko nyingine, basi ukihesabu herufi za ujumbe utaikisia asili yake. Katika maandishi ya Kiswahili, ambako irabu a imezagaa kuliko herufi nyingine yoyote, kazi hiyo ingemchukua mwanafunzi mwenye kalamu muda mfupi tu.

Kwa karne nyingi tatizo kubwa lilikuwa ufunguo. Wawili wanaotaka kuandikiana kwa siri walilazimika kwanza kukutana na kupeana ufunguo, na aliyeuiba aliyajua yote. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walichapisha wazo lililobadili hali hii. Tulieleze kwa mfano wa kasha. Mwanafunzi aliye Eldoret ana kufuli nyingi zinazofanana, na ufunguo wake ni mmoja tu, anao yeye. Anazigawa kufuli zile zikiwa wazi kwa yeyote azitakaye. Mama yake aliye Kwale akitaka kumwandikia, hutia barua kashani, huibana kufuli na kulipeleka kasha. Kuanzia hapo hata mama mwenyewe hawezi kulifungua tena. Aweza mwenye ufunguo peke yake. Mchukuzi wa kasha, ambaye kwetu leo ni kampuni ya simu au ya mtandao, hulibeba pasipo kujua kilichomo.

Mwaka 1991 Phil Zimmermann alitoa bure programu iliyowawezesha watu wa kawaida kuitumia mbinu hii. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa miaka kadhaa, kwa kuwa sheria zake wakati huo ziliihesabu programu ya aina ile pamoja na silaha zisizosafirishwa nje bila kibali. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996. Aprili 2016 WhatsApp ilitangaza kwamba ujumbe wote wa watumiaji wake, waliokuwa tayari zaidi ya bilioni moja, umefungwa kwa namna hiyo. Kilichokuwa cha majeshi na mabalozi kikawa mikononi mwa mchuuzi wa samaki na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo fumbo la jadi na fumbo la kompyuta hutofautiana. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu hulifumbua. Fumbo la jadi lilitegemea maarifa, na mwenye maarifa sawa aliweza kulifungua. Usimbaji fiche wa leo hautegemei werevu wa msomaji. Mwerevu wa wote, pasipo ufunguo, ni sawa na mjinga. Methali imefika mahali ambapo haitendi kazi, na serikali, ambazo kwa muda mrefu zilijihesabu miongoni mwa werevu, kwa mara ya kwanza zimejikuta nje ya mlango.

5.0 Mdukizi na Aketiye Barazani

5.1 Kinachoonekana pasipo kusikia

Kuna aina mbili za uchunguzi. Ya kwanza ni ya mdukizi: kusikia kinachosemwa. Ya pili ni ya mtu aketiye barazani tangu asubuhi hadi usiku. Huyu hasikii lolote linalosemwa nyumbani mwa watu, lakini anaona nani ameingia kwa nani, saa ngapi, amekaa muda gani na ametoka na nani. Akidumu hapo mwezi mzima, atajua nani mgonjwa, nani ana deni na nani ana mpenzi.

Rekodi za simu ni baraza ya namna hiyo. Hata ujumbe ukiwa umefungwa barabara, kampuni hubaki na habari za nani aliwasiliana na nani, lini, na simu ilikuwa karibu na mnara upi. Juni 2013 Edward Snowden alipofichua nyaraka za shirika la kijasusi alilolifanyia kazi, mojawapo ya mambo yaliyojulikana kwanza ni kwamba serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya rekodi za aina hii za mamilioni ya watu wasioshukiwa kosa lolote. Watetezi walijibu kwamba hakuna aliyesikilizwa. Aketiye barazani naye husema hivyo hivyo.

5.2 Mlango wa uani

Pendekezo ambalo limerudiwa na serikali nyingi ni kwamba kampuni ziweke mlango wa uani katika mifumo yao, utakaofunguliwa na askari pekee. Mwaka 2016, baada ya mauaji ya watu 14 huko San Bernardino, California, mahakama iliiagiza kampuni ya Apple iwasaidie wapelelezi kuifungua simu ya mmoja wa wauaji. Kampuni ilikataa, ikidai kwamba chombo cha kuifungua simu moja kingeweza kuzifungua zote. Shauri halikufika mwisho, kwa kuwa wapelelezi walipata njia nyingine ya kuifungua simu ile.

Je, hofu ya kampuni ilikuwa na msingi? Ugiriki inatupa jibu. Mitambo ya kampuni moja kubwa ya simu nchini humo ilikuwa na uwezo wa ndani wa kunasa mazungumzo, uliokusudiwa kutumiwa kwa amri ya sheria. Kati ya 2004 na 2005, watu wasiojulikana waliuwasha uwezo huo kwa siri na kuzisikiliza simu zaidi ya 100, zikiwamo za Waziri Mkuu Kostas Karamanlis. Mlango uliochongwa kwa ajili ya serikali ulitumiwa kumdukiza mkuu wa serikali. Mlango wa uani haumtambui anayeusukuma. Humruhusu yeyote aliyeujua.

6.0 Hali ya Kenya

Mkenya hakuanza jana kuandikwa na kufuatwa. Kufuatia sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa mara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume wa Kiafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, chenye alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma alichokivaa shingoni. Lengo lilikuwa kumjua aliyeitoroka kazi. Neno kipande, lililokuwa na maana ya sehemu ya kitu, likapata maana hii ya pili, na uchungu wake.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuvunja na historia hiyo. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, vitu vyake visitwaliwe, asilazimishwe pasipo sababu kutoa habari za familia au mambo yake binafsi, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Hata hivyo, Kifungu cha 24 kinakubali kwamba haki zinaweza kuwekewa mipaka kwa sheria, mradi mpaka huo uwe wa busara katika jamii ya kidemokrasia.

Mvutano umekuwa juu ya mipaka hiyo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 ilimtaka afisa wa polisi anayehitaji kunasa mawasiliano aombe amri ya mahakama. Desemba 2014, baada ya mashambulizi kadhaa, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama yaliyoongeza kifungu kinachoviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano kwa kufuata taratibu zitakazowekwa na waziri. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu 8 vya marekebisho hayo, lakini kifungu hiki ilikiacha, ikikubali uzito wa tishio la ugaidi. Majuma machache baadaye ikatokea Garissa.

Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilizitaka kampuni za simu ziunganishwe na mfumo wa kuzitambua simu bandia. Wapinzani walisema mfumo huo ungeweza kuzifikia rekodi za wateja. Mahakama Kuu iliuzuia mwaka 2018. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2020. Katika shauri la Huduma Namba, Mahakama Kuu iliamua Januari 2020 kwamba kukusanya chembe za urithi na mahali hasa pa makazi ya mtu kulikiuka katiba, na kwamba usajili usingeendelea pasipo kanuni thabiti za kuzilinda habari hizo. Oktoba 2021 mahakama iliona kwamba kadi zilikuwa zimeanza kutolewa kabla athari zake kwa faragha hazijatathminiwa, kinyume na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Hapa tunaikumbuka sitara: aliyepewa habari za mtu amepewa amana, naye ana dhima hata kama yeye ni serikali.

7.0 Kipimo cha Hodi

Kesi hizi zinaonekana kuvutana. Mara mahakama yaruhusu, mara yakataza. Tunapendekeza kwamba zinaweza kupimwa kwa desturi ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaijua. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hufika kwanza dakani, penye viti vya mawe nje ya mlango. Hapo hupiga hodi. Asipoitikiwa, huirudia mara ya pili na ya tatu. Kimya kikizidi, huondoka. Akikaribishwa, huingia hadi pale alipokaribishwa tu. Desturi hii ina masharti manne.

Kwanza, apigaye hodi hujitaja. Chombo cha dola kinachochunguza kiwe na jina na mamlaka yanayojulikana kisheria. Wanaochukua vijana pasipo kujitambulisha wameshindwa sharti hili la kwanza.

Pili, hodi hungoja jibu. Mpinzani atauliza: mshukiwa wa ugaidi atapigiwaje hodi? Atakimbia. Ni kweli. Ndiyo maana katika jambo hili hakimu husimama mahali pa mwenye nyumba. Hodi hupigwa kwa hakimu, naye huuliza maswali ambayo mwenye nyumba angeyauliza: wewe nani, wataka nini, kwa sababu gani. Hii ndiyo tofauti baina ya kifungu cha 2012 na kile cha 2014. Katika cha kwanza yupo mtu wa kuitikia hodi aliye nje ya serikali. Katika cha pili, ikiwa taratibu za waziri zitamwacha hakimu nje, mgeni atajipigia hodi na kujikaribisha mwenyewe.

Tatu, hodi hupigwa kwa nyumba moja. Hakuna hodi ya mtaa mzima. Uchunguzi unaokusanya rekodi za watu wote ili mhalifu mmoja apatikane hauwezi kulipita sharti hili, hata ukiwa na nia njema. Vivyo hivyo mlango wa uani uliotobolewa katika kila simu.

Nne, mila ina msamaha wake. Nyumba ikiwaka moto, hakuna anayesubiri kukaribishwa. Majirani huvunja mlango, nao husifiwa. Msamaha huu ndio unaoizingatia Garissa. Lakini tutazame sifa zake. Mlango uliovunjwa ni wa nyumba inayowaka, moshi wake unaonekana, uvunjaji hufanywa mbele ya watu, na asubuhi waliovunja hueleza kilichotokea. Anayesema kwamba mji mzima unaungua kila siku, na kwa hiyo milango yote iachwe wazi daima, hazungumzii moto tena.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba siri huhusu yaliyomo, faragha huhusu mpaka, sitara huhusu dhima ya anayejua, na fumbo ni namna ya kusema. Wanaodai kwamba asiye na hatia hana la kuogopa wamezichanganya siri na faragha. Wanaodai kwamba serikali isichunguze lolote wamesahau nyumba inayowaka. Kati yao kuna hodi, ambayo si kizuizi cha kuingia. Ni adabu ya kuingia.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu katika jambo hili. Sheria za faragha huandikwa kwa Kiingereza, na raia wengi huzisikia kwa Kiswahili cha redioni na barazani. Mtangazaji akitafsiri haki ya faragha kuwa haki ya kuwa na siri, ameishinda hoja ya raia kabla haijasikilizwa, kwa kuwa wasikilizaji watauliza mara moja: anaficha nini? Uteuzi wa neno moja unaweza kumfungulia mdukizi mlango. Kazi ya kulinda neno faragha, kulifundisha na kulitofautisha na jirani zake, ni yetu.

Maswali ya kujadili

1. Tofautisha siri, faragha na sitara kwa kutunga sentensi ambazo maneno hayo hayawezi kubadilishana nafasi.
2. Methali mficha uchi hazai yaweza kutumiwa kutetea uchunguzi wa serikali. Jadili.
3. Fumbo la kishairi na usimbaji fiche hufanana na kutofautiana vipi kuhusu nani anayeweza kuufungua ujumbe?
4. Je, sharti la tatu la kipimo cha hodi lingewazuia wapelelezi wasiweze kuzuia shambulio kama la Garissa? Toa hoja za pande zote mbili.